Mdomo Uliojaa Misumari

Fundi wa makochi mwenye misumari mdomoni hawezi kuvuta sigara. Hilo halihitaji kusomea. Fundi wetu alikuwa akichota misumari midogo kutoka kwenye kopo, anaitupia mdomoni kama karanga, kisha anaitema mmoja mmoja, kichwa mbele, inanasa kwenye nyundo yake yenye sumaku. Tik, ta-ta. Pigo moja la kuusimamisha msumari, mawili ya kuuzamisha. Wenzake wa mtaa ule walishahamia kwenye mashine ya pini, lakini yeye aliiita kazi ya makarani na hakutaka kuiona karakanani kwake.

Karakana yenyewe ilikuwa banda la mabati uani. Mkewe alishona vitambaa vya makochi hayohayo kwenye chumba cha nyuma, dirisha likitazamana na ukuta wa banda. Kuona hakuona kitu zaidi ya mabati, ila alisikia kila kitu. Nyundo ikilia, mume anafanya kazi. Nyundo ikinyamaza kitambo, mume anavuta. Wanawake wengine hupekua simu za waume zao. Huyu alimpekua wake kwa masikio, na hakuwahi kukosea.

Mtu wa tatu ni mdogo wake huyo mke. Dada yake alimwita Mdogo hata baada ya kuota ndevu, na mtaa mzima ukafuata, mpaka watoto wa shule. Fundi alimpokea siku alipofukuzwa kazi ya ulinzi kwa kukoroma langoni, akampa kigoda na kazi ya kung'oa misumari mibovu. Miaka ikaenda, Mdogo bado anang'oa. Anang'oa, anakata sponji, anavuta mikanda ya chini ya kochi. Mstari wa mwisho wa misumari, ule unaoonekana, ule ambao mteja huupitishia kidole kabla ya kulipa, huo Fundi hakumwachia mtu.

"Kugonga siyo nguvu, shemeji," alikuwa akimwambia. "Wewe bado una mkono wa kuvunja mlango."

Basi kifua cha Fundi kikaanza kumbana. Mwanzoni kilimbana akinyanyua kochi, baadaye hata akifunga kamba za viatu. Akasema ni gesi, akanywa soda. Sikio la kufa halisikii dawa. Mkewe, yaani Dada, ndiye aliyemvuta mkono mpaka hospitali, na huko wakaamua kuupiga picha moyo wake. Wakapitisha mrija mwembamba kwenye kifundo cha mkono wa kulia, wakausukuma taratibu hadi moyoni, wakamwaga dawa ya rangi, na mishipa yote ikajitokeza kwenye kioo.

Mdogo na dada yake walimkuta wodini amelala chali, mkono umenyooshwa juu ya mto, kifundo kimebanwa na mkanda wa plastiki uliojazwa hewa. Alikuwa na uchangamfu wa mtu aliyeponea chupuchupu.

"Nimeuona moyo wangu," akasema. "Unacheza kwenye televisheni. Tena picha yao safi kuliko ya nyumbani."

"Na wao wameona nini?" Dada akauliza.

Daktari alikuwa mwanamke mfupi, miwani yake inaning'inia shingoni. Alieleza polepole, akiwatazama wote watatu. Mshipa mmoja umebana sana. Utatanuliwa na kuwekewa kijichuma cha kuushikilia, lakini si leo. Kwanza dawa zifanye kazi, arudi mwisho wa mwezi. Mkono upumzike. Asinyanyue kitu, asigonge kitu, mpaka wamwone tena. Halafu kuna sigara.

"Nimepunguza," Fundi akasema.

"Sikukwambia upunguze, baba. Hapo kwenye mshipa pamebaki tundu la sindano, na kila sigara inalibana. Unaweza kuvuta paketi nzima usife. Unaweza pia kuvuta moja ikawa ndiyo hiyo. Mimi sijui ni ipi, na wewe huwezi kujua."

Dada alichukua koti la mumewe lililokuwa limetundikwa nyuma ya kiti, akatoa paketi mfukoni, akaiminya na kuitupa kwenye pipa la taka. Kisha akamgeukia mdogo wake.

"Wewe ndiye unayeshinda naye. Nakukabidhi."

"Usijali, dada," Mdogo akajibu upesi, kama mtu anayekubali kubeba mzigo kabla hajauinua kujua uzito wake.

Nyumbani, Fundi akawa mgonjwa wa kuwachosha wazima. Alifunua masufuria na kuyafunika. Aligombana na redio. Alikwenda chumbani kumsimamia mkewe akishona, akamfundisha namna ya kushika mkasi, mpaka Dada akamwambia ukinifundisha tena nitakushona wewe. Wala haikuwa hamu ya kazi. Siku ya tatu Dada alimfuma langoni akimbembeleza mpita njia: "Pafu moja tu, ndugu yangu, nakurudishia mwenyewe."

Hapo Dada akafanya hesabu ambayo haingefanyika katika nyumba nyingine yoyote. Ni lini mume wangu mdomo wake umefungwa kweli? Akiwa na misumari. Na misumari ina maana ya nyundo, na daktari amekataza nyundo. Akapima mkono kwa moyo. Mkono ukivimba utapoa, alijiambia, lakini moyo ukisimama haupoi. Kesho yake asubuhi akampa mumewe chai na ruhusa.

"Rudi bandani. Usinyanyue hata mto, Mdogo yupo. Wewe kaa kwenye kigoda, jaza misumari mdomoni, gonga. Nikisikia nyundo nitakuwa na amani."

Fundi alimbusu kwenye paji la uso mbele ya mdogo wake, jambo ambalo halikuwa kawaida yake.

Kochi lililokuwa limesubiri lilikuwa la watu watatu, kitambaa cha kijani kibichi, limevikwa tayari, limebaki mistari. Fundi akakaa, akajaza mdomo, akagonga. Baada ya misumari michache akaitema yote kiganjani na kukishika kifundo cha mkono.

"Panawaka moto," akasema.

"Basi acha, ukapumzike."

"Nikiacha nyundo itanyamaza. Ikinyamaza atakuja. Akija na kunikuta hivi atanirudisha kitandani, na mimi kitandani nitakufa kabla ya mshipa." Alimtazama shemeji yake, akamnyooshea ile nyundo yenye sumaku, mpini mbele. "Gonga wewe."

Mdogo hakuwahi kuishika nyundo ile ila kumpelekea mwenyewe. Alikifuta kiganja chake kwenye suruali kwanza. Akaweka misumari mdomoni, ya baridi na michungu, na msumari wa kwanza ukaenda upande. Wa pili vilevile. Kutoka dirishani sauti ya Dada ikapaa, "Mbona leo unagonga kama unafukuza panya?" Fundi, mdomo mtupu, akajiziba kicheko kwa mkono mzima. Kisha akamwonyesha kwa vidole hewani: moja, tulia, mbili. Tik, ta-ta. Ukakaa.

Lakini sasa mdomo wa Fundi ulikuwa hauna kazi.

"Shemeji," akanong'ona. "Nenda kioski. Moja tu, ya kuagana. Hata anayekwenda kunyongwa huulizwa anataka nini."

"Daktari amesema..."

"Daktari amesema nisihangaike. Hebu nitazame. Huku siyo kuhangaika?"

Mdogo akamtazama. Mikono ilikuwa inatetemeka kweli, mikono ileile iliyomtoa mtaani, ikamlisha, ikamlipia chumba. Alijua la kusema. Lilikuwa neno fupi, la herufi chache, na mtoto wa chekechea angeliweza. Badala yake alivaa kandambili, akapita mlango wa uani, akarudi na sigara moja ameificha kwenye kiganja kama mwizi wa yai.

Kuagana huko kukawa hakuishi. Kila siku ya kazi ilikuwa na utaratibu wake: Fundi anafungua kopo la gundi ya sponji, ambayo harufu yake hufunika kila kitu, anazunguka nyuma ya banda kwenye tangi la maji, na Mdogo anajaza misumari mdomoni na kugonga. Akimaliza, Fundi anatafuna pipi ya mnanaa na kurudi ameng'ara. Walikuwa wanampaka Dada mafuta kwa mgongo wa chupa, na Mdogo ndiye aliyeshika chupa.

Kila jioni alijiambia kesho nitakataa. Na kila asubuhi, hapa ndipo aibu yenyewe ilipokaa, aliamka na furaha. Mistari ilikuwa inakaa. Fundi alichungulia pembeni mwa banda huku moshi unamtoka puani, akamwambia, "Sasa hivyo! Usiubane mpini. Umeanza kuwa na mkono." Alikuwa ameisubiri sentensi hiyo miaka. Angekataa kwenda kioski, nyundo ingerudi kwa mwenyewe, naye angerudi kung'oa. Hakutaka kulitazama wazo hilo usoni, ila lilikuwepo, na alilijua.

Alasiri moja cherehani ikanyamaza. Mdogo akasikia kiti kikiburutwa, kisha sauti ya dada yake ikaja karibu sana, nyuma ya mabati, kama mtu aliyeegemea dirishani.

"Mume wangu, unanisikia?"

Mdogo akaganda, nyundo hewani. Fundi alikuwa kwenye tangi, upande wa pili kabisa. Na Fundi akiwa na misumari mdomoni huwa hasemi, huguna tu. Nyumba nzima ilimzoea hivyo.

"Mmh," Mdogo akaguna.

"Usiache kugonga. Kuna mambo ni rahisi zaidi kuuambia ukuta."

Tik, ta-ta.

"Tangu utoke hospitali nilikuwa silali. Nilikuwa naweka mkono mgongoni kwako nione kama unapumua. Ukikohoa nashtuka. Usipokohoa nashtuka. Nilishachagua na suti ya kukuzikia, Mungu anisamehe, ile ya kahawia, na nikakuchukia kwa kunifanya nichague. Nilikuwa na hasira na wewe ambayo sijawahi kuwa nayo kwa mtu yeyote. Niliona umenichagulia ujane. Kwa hiari yako, kidogo kidogo, unautoa kwenye paketi, unauwasha."

Misumari ilianza kumchoma Mdogo fizi. Aligonga, maana kuacha kungekuwa vibaya zaidi.

"Sasa hivi nikisikia nyundo nalala. Nalala hapahapa, kichwa juu ya cherehani. Sikudhani utaweza. Nilikudharau, na ninajua umejua. Nisamehe. Ahsante, mume wangu."

Kimya kikaja, na kilikuwa kinamsubiri mtu.

"Mmh," Mdogo akasema.

Alisikia kiti kikirudishwa mahali pake. Alitema misumari yote chini, akaenda nyuma ya banda na kumkuta Fundi amechuchumaa kivulini, macho yamefumba nusu, ametulia kama mtoto aliyeshiba.

"Leo ndiyo mwisho," Mdogo akamwambia. "Kweli. Siendi tena kioski."

"Kuna nini? Amejua?"

Mdogo alitaka kumweleza. Lakini maneno yale hayakuwa yake, na kuyasema ilikuwa kama kumvulia dada yake nguo mbele ya watu, hata kama mtu mwenyewe ni mumewe. "Hajajua," akasema. "Ni mwisho tu."

"Kesho," Fundi akasema. "Kochi hili likiisha kesho, na mimi naacha. Nakuapia. Umebakiza mstari wa mkono mmoja tu, na huo nataka uumalize wewe."

Ungekuwa wewe, ungekataa kipi, sigara ya mwisho au mstari? Mdogo alikubali vyote viwili.

Kesho ikafika, na mkono ule wa kochi ukawa kazi nzuri kuliko zote alizowahi kuzifanya. Kitambaa kilitii. Misumari ilipangana vichwa sawasawa, na alikwenda nayo kama anayesoma mstari kwa kidole. Katikati alisikia kitu kikigonga bati, taratibu, upande wa nyuma. Akafikiri ni paka. Kikagonga tena. Akafikiri ni mwangwi wa nyundo yake mwenyewe, na kwa kuwa alikuwa amebakiza misumari michache, akaongeza mwendo na kelele ikazidi.

Alipomaliza alirudi hatua nyuma, akatazama, akasubiri kichwa cha Fundi kichungulie kimwambie neno. Hakikuchungulia. Akazunguka kwenda kumwita, misumari iliyobaki bado iko mdomoni.

Fundi alikuwa amekaa chini, mgongo kwenye tangi. Uso ulikuwa na rangi ya majivu na umeloa jasho. Mkono mmoja umekamata shati kifuani, mwingine uko kwenye bati, vidole vimekunjwa. Sigara ilikuwa inawaka mchangani kati ya miguu yake.

"Nimekuita," akasema, kwa pumzi zaidi ya sauti.

Mdogo akafungua mdomo kupiga yowe, na yowe halikutoka. Misumari ilikuwa imejaa. Aliinama akaitema, mmoja ukamchana mdomo, akaonja damu. Mdomo ulikuwa mtupu sasa, na angeweza kupiga yowe. Hakupiga. Kwanza aliikanyaga sigara na kuisukuma chini ya tangi. Kisha akamshika Fundi makwapani, mtu ambaye daktari alimkataza hata kunyanyua kitu, akamburuta mpaka mbele ya kochi, akamlaza, na akaweka nyundo karibu na mkono wake wa kulia. Ndipo akaita.

"Dada!"

Gari la jirani liliwafikisha hospitali. Njia nzima Dada alikuwa amemshika mumewe kichwa mapajani na kumwambia vuta pumzi, vuta pumzi. Fundi alimtazama Mdogo mara moja tu, kwenye kioo cha mbele, na macho yake yalikuwa yanaomba jambo lilelile ambalo Mdogo alikuwa tayari ameshalifanya.

Mapokezi yote yalikuwa mbio. Daktari wa miwani alikuja akitembea haraka huku akivaa glovu.

"Amevuta?"

"Hapana!" Dada akasema kwa sauti iliyowageuza watu kwenye korido. "Tangu atoke hapa hajagusa. Naapa. Ni mimi, daktari. Uliniambia asigonge, mimi nikamruhusu agonge. Amedondoka na nyundo mkononi."

Daktari aliuinua mkono wa Fundi, akakibonyeza kifundo, akakigeuza. Hapakuwa na uvimbe. Aliwatazama ndugu wawili wale, mmoja baada ya mwingine, kama mtu anayesubiri chenji yake. Mdogo akatazama sakafu. Kitanda kikasukumwa, milango ikafunguka na kujifunga.

Korido ilikuwa na benchi refu la mbao, na lilikuwa limeanza kuachia misumari yake. Dada alikaa, akasimama, akakaa.

"Nilijiona mjanja," akasema. "Hilo ndilo linaloniuma. Nilikaa kwenye cherehani najisifu, nimempata, nimemfunga mdomo. Kumbe namuua kwa kazi."

"Usiseme hivyo, dada."

"Niseme vipi? Nani mwingine? Atakapotoka pale amefunikwa, mama yake ataniuliza, nitamwambia nini? Kwamba niliogopa sigara nikamrudishia nyundo? Si uliiona mwenyewe, imelala pale mkononi kwake?"

Mdogo aliiona. Alikuwa anaiona hata sasa, namna alivyoigeuza ili mpini uelekee kiganja. Alikaa na neno kinywani, likawa zito kuliko misumari, na kila dakika iliyopita dada yake alizidi kujihukumu kwa kosa ambalo yeye amempangia. Mtu anaweza kubeba dhambi yake miaka hamsini na akala na akalala. Kumtazama mwenzako anaibeba na kukushukuru kwa kumshika bega, huko hakuna anayelala.

"Ile nyundo niliiweka mimi," akasema.

Dada akageuka. "Uliiweka wapi?"

"Pale alipolala. Hakuwa anagonga. Nilikuwa nagonga mimi. Yeye alikuwa nyuma, kwenye tangi."

"Anafanya nini kwenye tangi?"

"Anavuta."

Muuguzi mmoja alipita na kitoroli cha dawa, magurudumu yanalia. Dada alisubiri apite.

"Leo?"

"Na jana."

"Na siku zote nilizokuwa..."

"Ndiyo, dada."

"Nani alikuwa anamnunulia?"

Mdogo alitamani apigwe kofi. Alijiandaa kabisa, akalegeza shavu. Lakini Dada alikuwa anatazama mbele, midomo inacheza, kama anayerudi nyuma siku moja moja na kuigusa kila moja.

"Jana," akasema taratibu. "Pale dirishani. Nani aliniitikia?"

Mdogo akaugusa msumari uliochomoza kwenye benchi.

"Mdogo wangu, nakuuliza."

"Mimi."

Dada akajifunika uso kwa viganja vyote viwili. Hakulia. Kisha akainuka, akaenda kwenye kidirisha cha wauguzi, na Mdogo akamsikia akisema kwa sauti tulivu kabisa: "Mwambieni daktari nilimdanganya. Alikuwa anavuta. Leo amevuta, na kila siku amevuta." Akarudi, akakaa upande mwingine wa benchi, akaacha nafasi kati yao ambayo mtu wa tatu angeweza kukaa.

Mdogo alitaka kuomba radhi na akagundua hana namna ya kuanza, kwa sababu alishaombwa yeye. Nisamehe, dada yake alimwambia jana, na yeye aliguna.

Hatimaye mlango ukafunguka, muuguzi akatokeza kichwa.

"Mshipa umefunguka. Tumeuwahi. Yuko macho, lakini aingie mmoja tu, na asimchoshe."

Mdogo akafumba macho kwa shukrani. Alipoyafumbua, dada yake alikuwa bado amekaa.

"Nenda wewe," akamwambia.

"Dada, anakutaka wewe."

"Mimi nilishaongea naye. Au siyo? Maneno yangu yote nilimpa. Wewe ndiye uliyeyapokea, basi mpelekee mwenyewe." Kwa mara ya kwanza tangu akiri alimtazama machoni, na Mdogo akaona mtu asiyemjua. "Yote. Usimpunguzie hata lile la suti."

Chumba kilikuwa kidogo na baridi. Fundi alikuwa amelala chali tena, nyaya kifuani, mkanda wa hewa umehamia mkono wa kushoto. Alipomwona shemeji yake alijaribu kutabasamu.

"Amejua?"

Mdogo akaitikia kwa kichwa.

"Amekasirika sana?" Kisha akajaribu mzaha, kama kawaida yake. "Na mstari? Uliumaliza?"

"Nimetumwa na dada," Mdogo akasema. Akavuta kiti, akakaa karibu, kwa kuwa hakuwa na uhakika sauti ingefika. "Alisema ulipotoka hospitali hakuwa analala. Alikuwa anaweka mkono mgongoni kwako aone kama unapumua."

"Kakwambia wewe hayo?"

"Alikwambia wewe. Jana, dirishani. Ulikuwa kwenye tangi."

Tabasamu la Fundi likaisha. Mdogo hakuacha. Aliyasema kama alivyoyasikia, bila kuongeza lake: ukikohoa anashtuka, usipokohoa anashtuka. Akasema la suti, akaitaja na rangi. Akasema la kuchukia. Alipofika kwenye ujane unaotolewa kwenye paketi na kuwashwa, Fundi alifumba macho, na machozi yakamtiririkia masikioni kwa vile alikuwa amelala chali na hakuweza kuyafuta.

"Na wewe ukamjibu nini?" akauliza.

"Niliguna. Kama unavyoguna wewe."

Mashine iliyokuwa pembeni iliendelea kuchora moyo wake, vilima na mabonde, umetulia sasa.

"Ndiyo yote?" Fundi akasema.

"Bado." Mdogo alijifuta mdomo pale ulipochanika. "Alisema alikudharau kwa kudhani hutaweza, akaomba umsamehe. Halafu akasema ahsante, mume wangu."